Kombe Lililoshuka Morogoro

Mtu akitaka kuijua historia ya ligi ya mpira ya nchi hii, kitu cha kwanza atakachopewa ni orodha. Mwaka upande wa kushoto, jina la klabu upande wa kulia. 1965, Sunderland. 1966, Sunderland. 1967, Cosmopolitan. Kisha Yanga mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972. Simba 1973. Yanga 1974. Orodha inateremka hivyo mpaka msimu uliopita, na mara nyingi husomwa kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wafalme waliorithiana kiti.

Nasoma fasihi, shahada ya uzamili, na kwa kila maandishi yanayowekwa mezani tumefundishwa kuanza na swali moja: nani anasema, na anamwambia nani? Katika makala haya naiuliza orodha hiyo swali hilohilo. Najua orodha si riwaya wala utenzi. Lakini kwa Watanzania wengi ndiyo historia pekee ya mpira waliyoikariri, na jambo tulilolikariri ndilo tusilolisoma tena. Naisoma nikiwa Gungu, katika mji wa Kigoma, mahali inapoishia reli ya kati. Anayeisoma orodha hii Kariakoo anasoma habari za mtaani kwake. Huku kwetu tunasoma habari za mbali zilizopewa jina letu.

Tuanze na hesabu, maana ni nyepesi. Katika misimu kumi ya kwanza, 1965 hadi 1974, mabingwa wote walitoka jiji moja. Ni klabu tatu tu: Sunderland ambayo ndiyo Simba, Cosmopolitan, na Yanga. Mbili kati ya hizo, Simba ya Msimbazi na Yanga ya Jangwani, ziko umbali wa kutembea kwa miguu. Mwaka wa kumi na moja, 1975, ndipo jina la nje ya Dar es Salaam lilipoingia: Mseto ya Morogoro. Kwa treni ya reli ya kati, kutoka Dar hadi Morogoro ni kilomita mia mbili hivi. Hadi Kigoma ni kilomita 1,250 hivi. Kwa maneno mengine, ubingwa wa taifa ulikaa kituoni Dar miaka kumi, ukapanda treni mara moja, ukashuka Morogoro. Mwaka uliofuata ukarudi Dar, na Simba wakaukalia miaka mitano, 1976 hadi 1980.

Baadaye ulitembea zaidi. Tukuyu Stars waliupeleka milimani Rungwe mwaka 1986. Coastal Union waliupeleka Tanga mwaka 1988. Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa ya Turiani, waliutwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Kigoma haujafika.

Ningeweza kuishia hapa na kuandika malalamiko. Makala ya namna hiyo yako mengi: mikoa imesahauliwa, Dar imekula kila kitu, sisi tunatoa wachezaji wao wanapata makombe. Mengi ya hayo ni kweli. Lakini malalamiko yana kasoro ileile iliyomo ndani ya orodha. Yote mawili yanakubali kwamba historia ya ligi ni swali la nani alishinda. Orodha inajibu, “Sisi.” Malalamiko yanajibu, “Nyinyi, tena kwa upendeleo.” Hakuna anayeuliza neno “taifa” lilikuwa likifanya kazi gani pale lilipowekwa.

Tulitazame neno hilo. Mwaka 1965 nchi ilikuwa na miaka minne ya uhuru na mwaka mmoja wa Muungano. Uwanja wa Taifa, ambao sasa tunauita Uwanja wa Uhuru, ulikuwa bado unanukia sherehe za Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa na yetu kupandishwa. Zanzibar ilikuwa na ligi yake na iliendelea nayo. Huku bara, klabu nyingi za mikoani hazikuwa na nauli ya kuvuka nchi kila wiki mbili. Hata hivyo mashindano yaliitwa ya taifa tangu siku ya kwanza. Si uongo. Wakati ule neno hilo lilitumika kuita zaidi kuliko kutaja, kama mzazi anayempa mtoto mchanga jina la babu yake: hasemi kwamba mtoto ameshakuwa mzee, anasema anamtarajia afike huko. Ligi ya taifa ilikuwa ahadi. Kosa la orodha ni kuiandika ahadi kama taarifa.

Kosa hilo linaonekana hata kwenye uhariri. Nimekutana na orodha nyingi ambazo mstari wa kwanza hausomeki Sunderland bali Simba: 1965, Simba, 1966, Simba. Ni klabu ileile, kwa hiyo mtu anaweza kusema hakuna kilichoharibika. Lakini jina Simba lilikuja 1971. Mwaka 1965, bingwa wa kwanza wa taifa jipya la Afrika alikuwa akiitwa kwa jina la mji wa Uingereza. Mhariri asiyejulikana aliyebadilisha neno hilo moja ametupora jambo zuri kuliko makombe yote mawili: ushahidi kwamba mwanzoni taifa lilikuwa bado linajitafutia jina, hata uwanjani. Ameusawazisha mwanzo ili ufanane na mwisho. Kwa mwanafunzi wa fasihi hii ni dhambi ya kawaida, ile ya kumvalisha babu suruali ya mjukuu kisha kusema familia haijabadilika.

Wala tusidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Ufaransa, ubingwa wa taifa wa klabu za raga ulichezwa mara ya kwanza tarehe 20 Machi 1892, katika viwanja vya Bagatelle, Paris. Mashindano yote yalikuwa mechi moja. Timu zilikuwa mbili, Racing Club de France na Stade Français, zote za Paris. Racing walishinda 4 kwa 3. Mwamuzi alikuwa Pierre de Coubertin, yule ambaye miaka minne baadaye juhudi zake zilizaa Michezo ya Olimpiki ya kisasa. Washindi walipewa ngao ambayo inashindaniwa mpaka leo, Ngao ya Brennus, iliyopewa jina la fundi aliyeitengeneza. Kwenye orodha ya mabingwa wa Ufaransa, mechi ile ya watu wa jiji moja ina hadhi sawa na fainali za leo: 1892, Racing.

Je, nje ya Paris hapakuwa na raga? Ilikuwepo. Klabu ya Le Havre ilianza 1872, miaka ishirini kabla ya mechi hiyo. Stade Bordelais ya Bordeaux ilikuwepo tangu 1889. Reli ya Paris hadi Bordeaux ilikuwa imeshazeeka. Kilichokosekana ni mwaliko. Kwa miaka saba mabingwa wote wa Ufaransa walikuwa wa Paris, hadi 1899 klabu za mikoani zilipopewa nafasi, na mwaka huohuo Stade Bordelais wakaifunga Stade Français 5 kwa 3. Nafasi ya kwanza, kombe la kwanza. Ukisoma orodha tu, utadhani watu wa Bordeaux walijifunza raga mwaka 1899.

Kuna jambo dogo katika kisa hicho ambalo linanihusu kama mtu wa maandishi. Mmoja wa wachezaji wa Racing siku ile alikuwa kijana aitwaye Frantz Reichel. Baadaye akawa mwandishi wa michezo mwenye jina kubwa Ufaransa, akiandikia gazeti la Le Figaro. Yaani mmoja wa waliokuwa uwanjani akaja kuwa mmoja wa waliomsimulia msomaji michezo ni nini. Simwoni kama mtu mbaya. Lakini mtu aliyekuwa katikati ya mechi ataiona mechi hiyo kuwa ndiyo katikati ya dunia, na kalamu yake itafuata macho yake.

Jirani zetu Kenya wana kisa chao. Kombe la Kenya la raga lilianza 1970 likiwa na jina la nchi nzima, ilhali kwa miaka mingi raga yenyewe iliishi zaidi Nairobi. Nakuru walilichukua 2013, Kabras wa Kakamega 2016. Huko nako jina lilitangulia, nchi ikafuata polepole. Ukiziweka nchi hizi tatu pamoja, unaona kwamba mashindano ya taifa karibu kila mara huanza yakiwa mashindano ya jiji yaliyojipa moyo. Kinachozitofautisha ni muda ambao ahadi inachukua kutimia, na kama kuna mtu anayehesabu muda huo.

Narudi Kigoma, maana hapa kuna jambo ambalo kisa cha Ufaransa hakiwezi kulieleza. Watu wa Bordeaux wa 1892 hawakuisikia mechi ya Bagatelle ikichezwa. Watu wa Kigoma waliisikia ligi. Mwaka uleule wa 1965 ligi ilipoanza, shirika la utangazaji lilifanywa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali. Ligi na redio vilikua pamoja, kama mapacha wa mama mmoja.

Kuna mzee mmoja wa Gungu, mstaafu wa reli, ambaye hupenda kukaa kwenye kijiwe cha kahawa jioni. Nilimwendea na swali langu la chuoni.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Kaa.”

“Babu, ligi ya taifa ilipoanza, mwaka sitini na tano, Kigoma tulikuwa wapi?”

Akacheka. “Tulikuwa hapahapa. Tulikuwa tunasikiliza.”

“Hatukuwa na timu?”

“Timu zilikuwepo! Sisi wa reli tulikuwa na yetu, bandarini walikuwa na yao, Ujiji ndiyo usiseme. Tulikuwa tunachezana mpaka jua linazama ziwani. Sema sisi hatukuwa kwenye redio.”

“Na wewe ulikuwa shabiki wa nani?”

“Yanga.”

“Kwa nini Yanga, babu?”

Akanywa kahawa kwanza. “Ndiyo niliyoisikia kwanza.”

Jibu hilo nimekaa nalo muda mrefu kuliko vitabu vingi nilivyosoma mwaka huu. Benedict Anderson, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu chanzo cha utaifa, alieleza jinsi gazeti linavyowafanya watu wasiojuana wajione jamii moja: kila msomaji anajua kwamba wengine maelfu wanasoma habari ileile asubuhi ileile. Kigoma ile gazeti lilikuja na treni, matokeo yakiwa yameshachacha. Redio ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mzee wangu, kilomita 1,250 kutoka uwanjani, alishangilia bao sekunde ileile aliposhangilia mtu wa Kariakoo. Kwa dakika tisini taifa lilikuwepo kweli. Kwa hiyo si sahihi kusema Kigoma haikuwemo kwenye ligi. Ilikuwemo kama masikio.

Na hapo ndipo penye uchungu, maana sauti ilienda upande mmoja. Mzee alizijua kona za uwanja wa Dar ambao hakuwahi kuuona, na watu wa Dar hawakujua kwamba bandarini Kigoma kulikuwa na beki. Mtangazaji wa redio ni msanii mkubwa, na siku moja mtu aandike tasnifu juu ya sanaa hiyo: anampa asiyeona uwanja, upepo, kelele na hofu. Lakini msanii huyo alipelekwa kwenye viwanja vichache, na mechi ambayo haikutangazwa haikubaki popote isipokuwa kwenye vichwa vya waliokuwepo. Vichwa hivyo vinazeeka. Kila mara nikisikia tangazo la msiba wa mzee mtaani, najiuliza ni mechi ngapi zimezikwa naye. Orodha ya mabingwa haitawahi kuwa na pengo hilo, kwa sababu haikuwahi kuwa na nafasi yake.

Waliojaribu kuandika vizuri zaidi wapo. Mtafiti wa Japani, Tadasu Tsuruta, ana sura juu ya Simba na Yanga katika kitabu cha historia ya Dar es Salaam kilichotoka 2007. Ni kazi ninayoiheshimu, kwa sababu haianzi na makombe. Inaanza na jiji: watu wanaohamia mjini, mitaa inavyojaa, klabu zinavyokuwa mahali pa kupata jamaa wapya. Ukimaliza kuisoma unaelewa kwamba Simba na Yanga zilikuwa majibu ya Dar kwa maswali ya Dar. Ndiyo sababu inanifanya niulize swali ambalo kitabu cha Dar hakina wajibu wa kulijibu: majibu ya Dar yalifikaje kuwa maswali ya Gungu? Kwa nini mtoto wa hapa, ambaye hajawahi kuvuka Uvinza, anagombana na ndugu yake wa tumbo moja kwa ajili ya Msimbazi na Jangwani? Sura hiyo ya pili inatakiwa iandikwe na watu wa huku.

Ikiandikwa, lazima iwe na tarehe mbili. Ya kwanza ni 10 Agosti 1974, uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Ubingwa uliamuliwa kwa mechi moja kati ya Simba na Yanga. Adam Sabu aliwatanguliza Simba, Gibson Sembuli akasawazisha mwishoni, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaipa Yanga ushindi wa 2 kwa 1. Orodha inasema tu: 1974, Yanga. Haisemi kwamba mechi ilichezwa kando ya ziwa, mbali na Dar, na kwamba mwenyeji wa sherehe hakuwa na timu ndani yake.

Ya pili ni 25 Julai 2021, uwanja wa Lake Tanganyika, hapa Kigoma. Haikuwa ligi, ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho, lakini timu zilikuwa zilezile. Simba walishinda 1 kwa 0. Taddeo Lwanga, Mganda, alifunga kwa kichwa zikiwa zimebaki dakika kama kumi. Yanga walikuwa pungufu tangu kipindi cha kwanza, baada ya Mukoko Tonombe, Mkongomani, kutolewa kwa kadi nyekundu. Kwa hiyo mpira mkubwa kuliko yote uliowahi kuja Kigoma uliamuliwa na mtu wa Uganda na mtu wa Kongo, nchi ambayo milima yake tunaiona ng'ambo ya ziwa siku isiyo na ukungu. Ukiutazama vizuri, ulikuwa mchezo wa Kigoma kabisa: mji wa watu waliotoka kila upande wa ziwa. Timu tu ndizo hazikuwa zake.

Miaka arobaini na saba kati ya Nyamagana na Lake Tanganyika, na mpangilio haukubadilika: mikoa inatoa uwanja, hewa na sauti, Dar inaleta timu mbili. Watu walishangilia kwa moyo wote, na mimi simcheki aliyeshangilia. Kumwambia mzee wangu kwamba Yanga si yake ni kumnyang'anya miaka hamsini ya Jumamosi na Jumapili zake. Ni yake. Aliilipia kwa betri za redio.

Ninachodai ni kidogo, na ni cha maandishi. Orodha inaficha watu pia. Juma Kaseja, aliyezaliwa Kigoma, aliidakia Simba, akaidakia Yanga, akailinda Taifa Stars. Katika miaka ambayo alikuwa langoni, mstari wa orodha unaonyesha jina la klabu ya Kariakoo na hauonyeshi chochote cha Kigoma, ingawa Kigoma ilikuwa imesimama katikati ya milingoti miwili. Mji huu haukukosa ligi. Ulikosa safu ya kuandikwa.

Basi tuiongeze safu hiyo. Mwaka, klabu, na cha tatu, kilomita kutoka pale neno “taifa” lilipotamkwa kwanza. 1965, Sunderland, sifuri. 1967, Cosmopolitan, sifuri. 1972, Yanga, sifuri. 1975, Mseto, mia mbili hivi. 1986, Tukuyu Stars, karibu mia tisa. 1988, Coastal Union, mia tatu na hamsini hivi. Safu hiyo haimnyang'anyi mtu kombe wala haimlaumu mtu. Inamwonyesha msomaji tu ahadi imefika wapi kwa mwaka ule na imerudi nyuma lini, jambo ambalo majina peke yake hayawezi kumwonyesha. Na Kigoma ingeonekana humo kwa mara ya kwanza, kwa namba ambayo hakuna mstari ulioifikia: 1,250.